Baiskeli Ndiyo, Kuoga Mferejini Hapana

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Tosamaganga)

Naona wa nyuma mmejikunyata kwenye masweta, wala siwalaumu, baridi ya Tosamaganga mwezi wa Juni haina mchezo. Basi leo nawapeleka kwenye joto. Tutapanda baiskeli twende kwenye tambarare ya Usangu, tukaone mpunga na mifereji. Halafu nitawaeleza jambo lililonipata huko, ambalo kwa wiki kadhaa sikumwambia mtu yeyote, hata ndugu yangu wa tumbo moja.

Kwanza naomba mikono. Nani hapa kwao ni Pawaga? Idodi? Rujewa? Igurusi? Madibira? Ahaa, mpo wengi. Likizo ikifika mnashuka kuwasaidia wazazi shambani, na shule ikifunguliwa mnapanda tena huku juu. Basi mazungumzo haya ni yenu kwanza. Na wewe uliyetoka Mafinga au Makete, usisinzie. Siku moja rafiki yako atakualika kwao, atakupa baiskeli, mtakwenda kutembea, na jua likiwa kali atakuambia, "Twende tukajimwagie maji." Nataka siku hiyo uwe na jibu.

NCHI YA MAJI NA BAISKELI

Ukitoka Iringa kwenda Mbeya kwa basi, mpaka Makambako bado uko juu, kwenye baridi. Baada ya Makambako gari linaanza kushuka, sweta unalivua, na ukifika Igawa unajikuta kwenye joto. Upande wa kulia nchi imelala kama mkeka mpaka macho yanachoka. Hiyo ndiyo Usangu. Mito inashuka kutoka milima ya kusini, inaingia kwenye tambarare, inapunguza mwendo na kutawanyika. Katikati ya tambarare kuna eneo kubwa la kinamasi liitwalo Ihefu. Maji ya Ihefu hutokea sehemu ya Ng'iriama, penye mwamba unaofanya kazi kama ukingo, na hapo Ruaha Mkuu unaendelea na safari yake kupitia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Mnajua maji hayo yanaishia wapi? Yanaingia Mtera, kisha Kidatu, yanazungusha mitambo ya umeme. Baadaye yanamwagika Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Kwa hiyo unapowasha taa ya bweni ujisomee, ujue sehemu ya umeme wako inatokana na maji yaliyopita kwenye majaruba ya watu wa Mbarali. Ndiyo maana yana ugomvi mwingi. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na maji yanayobakizwa mashambani ni moja ya sababu kubwa.

Watu wa Usangu hawakuanza jana kuelekeza maji mashambani kwa mifereji. Baadaye yakaja mashamba makubwa: Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa Wachina katika miaka ya 1970, halafu Kapunga, halafu Madibira la wakulima wadogo. Kila moja lina kama hekta 3,000. Hesabu mwenyewe mifereji inayohitajika kulisha eneo hilo: mfereji mkubwa, mifereji ya kati, vijifereji vya kila jaruba, na mingine ya kutoa maji machafu. Pembeni ya mfereji kuna tuta, na juu ya tuta kuna njia. Njia hiyo ni ya baiskeli.

Na kweli baiskeli ndiyo mfalme wa huko. Utaona mtu amefunga magunia mawili ya mpunga kwenye keria, anasukuma huku jasho linamtiririka. Utaona mama amepakiwa na mtoto mgongoni, na mwanafunzi na madaftari yake, na fundi chini ya mti na pampu yake, viraka na solusheni. Sehemu tambarare ndivyo zilivyo duniani kote. Wenzetu wa Uholanzi, ambao nchi yao nayo ni tambarare na imejaa mifereji, wana baiskeli nyingi kuliko watu.

Nami napenda baiskeli, sifichi. Inaimarisha moyo na mapafu, haili mafuta, haitoi moshi, na hata mwenye kipato kidogo anaweza kuipata. Kwa hiyo asije mtu akasema huyu kaja kutukataza baiskeli. Ninachotaka kuzungumzia ni yale maji ya chini ya tuta.

SIKU YENYEWE

Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa Juni. Shirika letu lilinituma mimi na dada mmoja mfanyakazi mwenzangu kutembelea vikundi vya vijana Mbarali. Baiskeli zetu tulizipandisha juu ya basi, tukashuka Igawa asubuhi.

Kipande cha kwanza kilikuwa barabara kuu. Hiyo ni barabara ya Zambia, jamani, malori hayapungui. Tuliendesha kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, na tukisikia lori linakuja kwa kasi tulishuka kabisa pembeni tukalipisha. Yule dada alikuwa amevaa fulana ya rangi ya njano inayoonekana toka mbali. Mimi nilivaa ya kijivu, eti isichafuke upesi. Hapo tu mngejua nani kati yetu mwenye akili.

Tukakata kulia kwenda Rujewa, na kutoka Rujewa tukaelekea Ubaruku. Mara ya kwanza ukiendesha kwenye tambarare unajiona bingwa. Hakuna mlima wa kukutoa roho kama hizi njia zetu za Tosamaganga na Kalenga. Kumbe tambarare nayo ina ujanja wake. Huku juu ukipanda sana, baadaye utateremka upumzike. Kule hakuna kuteremka, ni kukanyaga pedeli tu saa zote, na upepo ukiwa wa mbele unakuwa ndio mlima wenyewe. Kivuli ni cha kutafuta. Chupa yangu ya maji iliisha saa nne asubuhi.

Tulipoingia kwenye matuta ya mashamba tukakuta mahali maji yamevuka njia. Ule udongo mweusi ukilowa unashika tairi kama gundi. Tope likajaa kwenye madigadi, tairi likagoma kuzunguka. Tukazibeba baiskeli begani kama magunia. Kufika ng'ambo, mimi nimekuwa tope toka kichwani mpaka viatuni, na baiskeli haijulikani rangi yake.

Mbele yetu mfereji. Maji yametulia, pembeni majani ya kijani, watoto wanarukaruka ndani wakipiga kelele za furaha. Mama mmoja alikuwa anafua. Tukamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Poleni na safari. Mbona mmekuwa hivyo? Shukeni mnawe, maji yapo."

Yule dada akasema, "Asante mama, mimi nitanawa mbele kwenye bomba." Mimi nikatazama saa. Ilikuwa saa sita na robo mchana. Nikajua kabisa nilichokuwa nakiona: maji yanayotembea polepole, majani, watoto, saa sita mchana. Nilikwisha kusimama mbele ya madarasa mangapi nikichora konokono ubaoni! Lakini jua, na tope, na uchovu. Nikajisemea moyoni, "Mara moja tu haina neno."

Nikaingia mpaka magotini, nikaosha baiskeli. Halafu nikaona nikishalowa si nimekwisha kulowa, nikajitosa mzima. Nikakaa humo kama nusu saa. Raha niliyoipata sitawadanganya, ilikuwa kubwa. Yule dada alikaa juu ya tuta na tope lake, akinitazama bila kusema kitu.

SITI YA BAISKELI YASINGIZIWA

Tulirudi Iringa salama. Siku chache baada ya kuogelea niliwashwa mwilini, nikasema mbu. Kama mwezi baadaye nilipata homa na kikohozi, nikapima malaria, hakuna. Homa ikaisha yenyewe, nikasahau.

Mwezi wa Septemba, asubuhi moja, nilikwenda haja ndogo nikaona matone ya mwisho ni mekundu. Na maumivu, kama kuchomwa.

Jamani, mtu mzima, msomi wa chuo kikuu, nilitetemeka. Mawazo yaliyonijia yote yalikuwa ya zinaa na Ukimwi. Nikaanza kuhesabu maisha yangu yote. Rafiki yangu mmoja nilimdokezea tu kwa mbali, akacheka: "Hiyo si siti ya baiskeli yako? Ngumu kama jiwe. Pumzika, itapona." Nikaipenda sana ile sababu. Nikaenda kwa fundi nikanunua siti nyingine yenye sponji. Damu haikuacha. Nikaenda kwenye duka moja la dawa, nikanunua vidonge bila kupimwa, nikamaliza dozi. Damu haikuacha. Wiki tano zilipita hivyo.

Ni kweli mtu akifanya mazoezi makali mno anaweza kuona damu kidogo kwenye mkojo, lakini hiyo hukoma ndani ya siku mbili tatu akipumzika. Ikiendelea, usiisingizie siti. Nenda kapime.

Mwishowe nilikwenda. Mganga hakunishangaa hata kidogo. Aliniuliza swali moja: "Umewahi kuingia kwenye maji ya mto, bwawa au mfereji?" Nikainama. Akaniambia nirudi mchana, kati ya saa nne na saa nane, kwa sababu ndio muda ambao mayai hutoka kwa wingi kwenye mkojo, na kabla ya kutoa mkojo nirukeruke kidogo au nipande ngazi. Nikarukaruka uani pale kama mtoto. Baadaye akaniita nitazame kwenye hadubini. Nikaliona yai, limechongoka, lina kijimwiba kwenye ncha. Kile nilichokuwa nachora ubaoni, sasa kimetoka mwilini mwangu.

MDOGO WANGU

Hapa ndipo penye uzito, naomba mnisikilize.

Nilipokuwa navaa viatu niondoke, mganga aliuliza: "Nyumbani kwenu bondeni kuna mwingine mwenye dalili kama hizi? Na wasichana je? Wao dalili huweza kuwa nyingine."

Nikamkumbuka mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Wakati huo alikuwa Kidato cha Tatu. Kwao wanalima mpunga, na tangu utoto anapandikiza miche, anachota maji, anafua, yote kwenye mfereji. Kwa mwaka mzima alikuwa na maumivu chini ya tumbo, uchafu ukeni, na matone ya damu siku ambazo si za hedhi. Alitibiwa zinaa mara mbili, bila nafuu. Nyumbani wakaanza maneno: huyu mtoto ana wanaume, shule inampa uhuru mno. Mama mdogo akawa hamsemeshi. Habari zile zilinifikia, na mimi mtoa elimu ya afya nilikaa kimya. Nasema ukweli wangu mbele yenu: moyoni nilikubaliana nao.

Mayai ya kichocho cha mkojo hayabaki kwenye kibofu peke yake. Kwa msichana huweza kunasa kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakafanya vidonda. Dalili zake ni zilezile: uchafu, damu, maumivu, kuwashwa. Mtu asiyefahamu akitazama, anaona zinaa. Kumbe mtoto hajamjua mwanamume, kosa lake ni kupandikiza mpunga wa wazazi wake. Asipotibiwa, baadaye huweza kupata tabu kushika mimba, na vidonda vile hurahisisha virusi vya Ukimwi kuingia mwilini akikutana navyo.

Nilikwenda kwao wiki ileile. Tukampeleka kupimwa, ikawa ndicho. Akapewa dawa. Maumivu yamepungua sana, ingawa vidonda vikikaa muda mrefu huacha makovu ambayo dawa haiyafuti yote. Ndiyo maana nasema kuwahi, kuwahi.

Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Akanijibu, "Kaka, wewe ulikuwa unajua haya mambo. Kwa nini hukuuliza?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilichoweza kufanya ni kuja kwenu.

MDUDU ANAVYOSAFIRI

Sasa tufungue daftari kidogo, maana haya yamo hata kwenye baiolojia yenu.

Kichocho ni minyoo. Kipo cha mkojo, na kipo cha tumbo ambacho huleta maumivu ya tumbo, kuharisha, damu kwenye choo kikubwa, na kikikaa sana huharibu ini. Daktari wa Kijerumani Theodor Bilharz ndiye aliyewatambua minyoo hao Cairo mwaka 1851, lakini ugonjwa ni wa kale mno. Mwaka 1910 mayai yake yalionekana kwenye maiti za Wamisri zilizokaushwa miaka zaidi ya 3,000 iliyopita. Watu wa Nile nao walilima kwa mifereji.

Safari yake ni hii. Mgonjwa anakojoa au anajisaidia kwenye maji. Mayai yanaanguliwa. Kijidudu kinachotoka kinamtafuta konokono mdogo wa majini, kinaingia ndani yake na kuzaana. Baada ya wiki kadhaa konokono anatoa vijidudu vingine vyenye mkia wa panda, mamia au maelfu kwa siku moja, zaidi mchana jua likiwaka. Hivyo ndivyo vinavyotoboa ngozi. Huhitaji kidonda, huhitaji kunywa maji. Dakika chache za kulowa zinatosha. Ndani ya mwili vinakua kuwa minyoo, dume na jike wanakumbatiana, wanakaa kwenye mishipa ya damu kwa miaka, na jike anataga kila siku. Madhara yanatokana na mayai yanayonasa kwenye nyama za mwili. Kibofu kikiumizwa kwa miaka mingi huweza hata kupata saratani.

Sasa tazameni mfereji wa mpunga: maji ya polepole, majani ya kumlisha konokono, na watu kutwa nzima. Ni nyumba aliyojengewa.

Msione kuwa ni aibu ya watu maskini wa Afrika peke yao. Mwaka 2013 watalii waliooga kwenye mto Cavu, kisiwa cha Corsica, Ufaransa, walipata kichocho cha mkojo. Alitosha mgonjwa kuleta mayai kwenye maji yenye konokono anayefaa. Na msikate tamaa pia. Japani walikuwa na aina yao ya kichocho kwenye mabonde ya mpunga. Wakatibu watu, wakaua konokono, wakasakafia mifereji kwa saruji ili konokono akose pa kukaa. Mwaka 1996 wakatangaza kimekwisha katika bonde la Kofu, lililokuwa limeumia kuliko yote. Hapa kwetu, ndugu zetu wa Unguja na Pemba wamekipunguza mno kwa kugawa dawa miaka mingi, kuelimisha watu na kupambana na konokono.

UKIENDA BONDENI NA BAISKELI

Kabla ya kuondoka, kagua breki, tairi, cheni na kengele. Kama utachelewa, taa ya mbele na kiakisi cha nyuma ni lazima. Kofia ngumu ukiipata, ivae. Barabara kuu endesha kushoto, usipakie mtu, usishike lori likuvute. Hilo la kushika lori nimeliona kwa macho yangu, na ni kuchezea kifo.

Beba maji ya kunywa yaliyochemshwa, zaidi ya unavyofikiri utahitaji. Mtu asiye na maji ndiye anayeshawishika na mfereji.

Ukikuta maji njiani, zunguka au pita kwenye daraja. Wanaofanya kazi majarubani wavae buti za mpira wakiweza kuzipata. Baiskeli iliyojaa tope ioshe kwa maji ya bomba au ya kisima. Yakikosekana, acha tope likauke ulikwangue kwa kijiti. Tope halijawahi kumpa mtu kichocho akiwa nchi kavu.

Kama hakuna maji mengine ila ya mfereji, yachote na kuyaweka kwenye chombo chenye mfuniko siku mbili kamili kabla ya kuoga, bila kuingiza konokono. Vile vijidudu haviishi zaidi ya hapo. Au yachemshe. Anayechota naye ajihadhari asilowe.

Ukibanwa na haja njiani, nenda choo, au kaa mbali kabisa na maji. Wewe unayekojoa mferejini ndiye unayemlisha konokono.

Jioni bondeni ni saa za mbu. Majaruba yanazaa mbu wa malaria, na sisi wa nyanda za juu hatujazoea kujikinga. Lala ndani ya chandarua.

Na kama umekwisha kuingia kwenye maji, wala usijifiche. Nenda kituo cha afya, eleza wazi, upimwe. Mayai huanza kuonekana baada ya miezi miwili au mitatu, kwa hiyo ukipimwa mapema mno ukaambiwa huna, rudi tena.

MASWALI MLIYOANDIKA KWENYE VIKARATASI

"Wavulana wakianza kukojoa damu si ndio kubalehe?"
Hapana. Sehemu nyingine watu huamini hivyo kwa sababu karibu kila mvulana kijijini anayo. Kubalehe hakuna damu kwenye mkojo. Hiyo ni dalili ya ugonjwa.

"Naweza kuambukizwa kwa kutumia baiskeli, choo au kitanda cha mgonjwa? Au kwa ngono?"
Hapana kwa yote. Ni lazima mdudu apite kwa konokono na kwenye maji kwanza. Mgonjwa wa kichocho usimtenge.

"Dawa ni sindano?"
Ni vidonge, vinaitwa prazikwanteli. Hupimwa kwa uzito, mimi nilimeza vinne kwa mara moja. Ni vichungu. Kula kwanza, maana huleta kichefuchefu, tumbo kuuma au kizunguzungu, lakini hupita. Dawa huua minyoo wakubwa, wadogo huweza kuponyoka, ndiyo maana unaambiwa urudi. Wala haikingi. Ukirudi mferejini, unaanza upya.

"Shule ya msingi tulipewa vidonge, je bado vinatukinga?"
Havikingi. Ugawaji mkubwa umekuwa ukilenga zaidi shule za msingi, na ninyi wa sekondari mnapitwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mahali penye ugonjwa mwingi watibiwe wote, kuanzia watoto wa miaka miwili mpaka watu wazima. Msisubiri kampeni. Ukiwa na dalili, au ukiwa umeishi bondeni, nenda kapime.

"Baba hana shamba jingine. Unatuambia tusiingie majarubani, tutakula nini?"
Aliyeandika hili nakushukuru kuliko wote. Sina haki ya kukuambia uache shamba lililokulipia ada. Mpunga utalimwa. Ninachokuomba ni vitu vitatu. Usiingie kwenye maji kwa mchezo, maana kuogelea saa sita mchana hakuivishi mpunga. Kila mwaka baada ya msimu, nyumba nzima mkapimwe na kutibiwa, msiende mmoja mmoja. Na semeni kijijini, kwenye mkutano, kwamba choo kijengwe karibu na mashamba na maji ya bomba yafike. Hiyo kazi ya mwisho si ya mtu mmoja, lakini ninyi mnajua kusoma na kuandika. Barua ya kwanza mnaweza kuiandika ninyi.

MWISHO

Bado naendesha baiskeli. Mwezi uliopita nilipita tena kwenye mfereji uleule. Watoto walikuwemo, jua lilikuwa utosini, na sitawadanganya, maji yalinivuta. Nikakaa juu ya tuta, nikanywa maji ya chupa yangu, nikaendelea na safari. Nilifika na tope langu mpaka kwa mama mdogo. Mdogo wangu akanichekea, akaniletea ndoo ya maji ya kisima.

Likizo njema. Na ukisikia msichana wa kwenu anasemwa kwa ugonjwa asioueleza, usikubali upesi kama nilivyokubali mimi. Muulize kwanza kama anafanya kazi kwenye maji. Halafu msindikize hospitali.